UA WA NYUMBA: CHAGUA MTI UNAOLINDA, KATAA MTI UNAOUMIZA

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Kazini hakuna kapita atakayekuruhusu kuchukua glovu zozote, miwani yoyote au kofia yoyote na kusema: "Hii inatosha." Kila chombo cha kujikinga kina kazi yake. Glovu za msoda si glovu za fundi wa umeme. Ukikosea kuchagua, kile ulichovaa ili kikulinde ndicho kitakachokuleta hospitali. Jambo hili tunalijua sote, tumefundishwa mara nyingi.

Lakini jioni tukirudi nyumbani tunasahau somo hilo. Tunazunguka lupango wetu kwa mti wowote ambao jirani ametugawia matawi yake, kwa sababu unashika upesi na hauombi franka hata moja. Hatuulizi maziwa ya mti huo ni ya namna gani, wala matunda yake yana nini ndani.

Leo tutajifunza namna ya kuchagua miti ya ua. Shika neno hili tangu mwanzo: swali la kwanza si "ua huu utamzuia nani asiingie?" Swali la kwanza ni "ua huu unaweza kumdhuru nani aliye ndani?" Mwizi anapita usiku mmoja. Mtoto wako anacheza chini ya ua kila siku.

I. UA WA MITI UNAFANYA KAZI GANI?

Kazi ya kwanza ni kuficha. Mama anayenyonyesha, mgonjwa anayekaa kwenye kiti nje, baba anayetoka bafuni na taulo kiunoni, wote wanahitaji kutoonwa na kila mpita njia. Nyumba isiyo na siri haina amani.

Kazi ya pili ni kuzuia: mbuzi wa jirani, mbwa wazururaji, mtu anayetamani nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Vile vile ua unamzuia mtoto mdogo asikimbilie njiani wakati makamyo yanapita.

Kazi ya tatu ni kupunguza vumbi na upepo. Katika kiangazi, toka mwezi wa tano hadi wa tisa, barabara zetu zisizo na lami zinatoa vumbi jekundu kutwa nzima. Majani mengi yaliyoshikana yanakamata sehemu ya vumbi hilo mbele halijafika dirishani.

Kuna wanaosema: "Mimi nitajenga ukuta wa matofali, ndiyo dawa." Ukuta ni mzuri kwa mwenye uwezo. Lakini angalia wengi wanavyofanya: wanachimba udongo wa matofali ndani ya lupango wenyewe, kiisha wanaliacha shimo wazi. Mvua ya mwezi wa kumi na moja inalijaza, na mbu wa malaria anapata pahali pa kutagia mayai. Siku 7 hadi 14 zinatosha yai kuwa mbu mwenye mabawa. Ukichimba, fukia. Na matete makavu je? Yanaficha vizuri, lakini katika kiangazi cheche moja ya makala au moto wa majani inatosha kuyateketeza pamoja na paa. Usiyaweke karibu na jiko.

II. MASWALI MANNE MBELE YA KUPANDA

1. Je, mti huu una maziwa au utomvu unaochoma ngozi na macho?
2. Je, majani, maua, mbegu au matunda yake yana sumu? Na matunda hayo yanavutia macho ya mtoto?
3. Je, miiba au ncha zake zitakuwa kwenye kimo cha macho ya mtoto?
4. Je, mti huu utakuwa mkubwa namna gani baada ya miaka 10, na mizizi yake itafika wapi?

Asiyeweza kujibu maswali haya manne asipande kwanza. Aulize.

III. MITI YA KUOGOPA

Mti wa maziwa. Ni mti wenye matawi ya kijani kama vijiti vya penseli, karibu bila majani. Kwa Kifaransa unaitwa euforbe, na Waswahili wa pwani wanauita mnyaa. Watu wanaupenda kwa sababu kipande cha tawi kinashika bila taabu, kinavumilia kiangazi, na mbuzi hauli. Lakini mbuzi ana akili: hauli kwa sababu ya maziwa yake. Tone moja likiingia jichoni linaunguza kioo cha jicho. Mwanzoni mtu anasikia mwasho, baada ya saa chache maumivu yanazidi, mwangaza unamchoma, haoni vizuri. Asipotibiwa upesi anaweza kubaki na doa jichoni. Ajali hii inatokea hasa siku ya kukata ua: panga linapiga tawi, maziwa yanaruka. Inatokea pia watoto wanapovunja vijiti na kupigana navyo.

Mbono kaburi. Mti huu unapandwa sana kuwa ua. Mbegu zake ni nyeusi, ndani nyeupe, na ladha yake inakaribia ile ya kalanga. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtoto anakula moja, anasikia ni tamu, anawaita wenzake. Baada ya muda mfupi wote wanatapika na kuharisha, tumbo linawakata, maji ya mwili yanaisha. Mbarika nao una mbegu nzuri zenye madoadoa ambazo watoto wanatungia shanga. Mbegu hizo zikitafunwa ni sumu kali kuliko hizo za kwanza.

Lorie roze, na ndugu yake lorie wa maua ya manjano. Maua yao ni mazuri, na miti hii inaonekana mbele ya nyumba nyingi. Lakini kila kiungo cha miti hii ni sumu ya moyo: jani, ua, mbegu, hata kijiti. Moyo unapiga polepole, unapiga vibaya, unaweza kusimama. Usitumie kijiti chake kuchomea nyama. Usichome matawi yake jikoni, kwa sababu moshi wake nao unadhuru. Mwenye watoto wadogo asiwe nayo kabisa.

Duranta. Ni mti wa ua mdogo wa rangi ya bluu na matunda ya manjano yanayoning'inia kama shanga. Unakatika vizuri na kufanya ua mnene, lakini matunda hayo yana sumu. Ukiukuta tayari kwenye lupango wako, ukate mara kwa mara ili usizae. Lantana nayo ni hivyo hivyo: matunda yake mabichi yanadhuru watu na wanyama, tena inatoroka na kuvamia shamba.

Mkonge. Si sumu ya kuua, lakini ncha ya jani lake ni sindano ngumu, na inasimama sawasawa kwenye kimo cha uso wa mtoto wa miaka mitatu. Utomvu wake unawasha ngozi. Ukiupanda, uwe mbali na pahali pa michezo, na ncha zote zikatwe.

IV. MITI INAYOFAA

Ibiskusi. Huu ndio mti tunaoupendekeza kwanza kwa nyumba yenye watoto. Hauna miiba, maua yake hayana hatari, unashika kwa vipande vya matawi, unafunika vizuri mwaka mzima ukipata maji kidogo katika kiangazi. Hauzuii mwizi, lakini unaficha bafu na choo vizuri sana.

Mndimu. Una miiba ya kutosha kumrudisha mtu mwenye nia mbaya, na unatoa matunda ya nyumba. Kasoro yake ni uvivu: ukiupanda kwa mbegu, ngoja miaka kadhaa mbele haujawa ua wa kweli. Uupande nyuma ya lupango, kule watoto wasikocheza.

Bugenvile. Inapanda juu ya waya au nguzo, miiba yake ni mikali, maua yake yanapendeza. Inafaa upande wa barabara na juu ya ukuta mfupi. Lakini inataka mtu wa kuikata. Ukiiacha miaka miwili, inageuka kuwa kichaka kinachokamata watu nyuso.

Mforosadi. Unashika kwa matawi, unakua upesi, hauna miiba, na watoto wanaweza kula matunda yake yaliyoiva bila hofu.

Marakuja. Kama tayari una waya wa wavu, usitafute mbali. Marakuja inafunika waya huo katika muda mfupi. Kumbuka mambo mawili: mmea huu hauishi miaka mingi, ni sharti kuupanda upya, na watoto wangoje tunda liive, wasile lile bichi.

Mara nyingi shauri bora ni kuchanganya. Upande wa barabara na nyuma, miti ya miiba. Upande wa jiko, bafu na pahali pa watoto, ibiskusi au mforosadi. Kazini pia hatuvai glovu zilezile kwa kazi zote.

V. NAMNA YA KUPANDA

Ngoja mvua ishike, yaani kwetu mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Kipande cha tawi kiwe na urefu wa sentimeta 30, na unene wa kidole. Theluthi mbili ziingie ardhini. Shimo liwe la sentimeta 30 hadi 40, na udongo uchanganywe na samadi iliyooza au takataka za jikoni zilizooza.

Tufanye hesabu. Upande wa mbele wa lupango wako una meta 15. Ibiskusi zinaachana sentimeta 50. Meta 15 ukizigawa kwa nusu meta unapata nafasi 30. Miti ni 31, kwa sababu kuna mmoja wa mwanzo. Ukitaka ua mnene, weka mstari wa pili nyuma yake, sentimeta 50 mbali, kila mti ukitazama nafasi kati ya miti miwili ya mstari wa kwanza. Mstari huo unataka miti 30. Jumla ni 61. Andaa 75, kwa sababu mingine itakufa. Bugenvile na ndimu ziachane meta 1 au zaidi.

Angalisho kwa mambo manne:

Usipande miti chini ya waya wa umeme. Tawi lililolowa mvua likigusa waya, anayelishika anaweza kufa.

Usipande mti wa mizizi mikubwa, kama fikusi au mwanzi, karibu na bomba la maji, shimo la choo au msingi wa nyumba.

Kwenye kona ya njia mbili, ua usipite meta 1 kwa urefu. Dereva wa kamyo hawezi kusimama kwa ajili ya mtoto asiyemwona.

Usipande sombe wala lenga-lenga chini ya ua wa barabarani. Vumbi ambalo ua unalikamata linaanguka hapo hapo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika Katanga: watu waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka machimbo au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo, na watoto walizidi watu wakubwa. Mtoto anagusa udongo, kiisha anaweka mkono mdomoni. Mboga ziwe ndani, mbali na njia, na zioshwe vizuri. Watoto waoshe mikono mbele ya kula.

Mbele ya kuchimba shimo la kwanza, mwite jirani. Onyesheni mpaka pamoja, mkubaliane nani atakata upande gani. Ua uliopandwa bila masikilizano unaleta ugomvi wa miaka mingi.

VI. KUTUNZA NA KUKATA

Miti ikifika nusu meta, ikate vichwa kwa mara ya kwanza, hata kama unasikia huruma. Ndipo itatoa matawi ya chini. Baadaye kata mara tatu au nne kwa mwaka. Chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Ua uliopanuka juu unakuwa na matundu chini. Kwa bafu na choo, urefu wa karibu meta 2 unatosha.

Safisha chini ya ua, sentimeta 20 toka ardhini. Nyoka wanapenda pahali penye majani makavu, panya na giza. Usitupe makopo, maganda ya nazi wala matairi ndani ya ua. Wengi wanasema majani ndiyo yanayozaa mbu. Si kweli. Mbu anazaliwa majini. Majani yanampa tu kivuli cha kupumzikia mchana. Ondoa maji, kiisha punguza majani, na ulale chini ya chandarua.

Siku ya kukata, vaa kama kazini: miwani ya kujikinga, glovu, mikono mirefu, viatu vilivyofungwa. Watoto wakae mbali. Usisimame juu ya kiti chenye mguu uliovunjika. Ukilazimika kukata mti wa maziwa, kata polepole kwa msumeno, usipige kwa panga, na uso wako usiwe chini ya tawi. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni mbele ya kugusa macho. Matawi ya sumu yafukiwe, yasichomwe.

VII. AJALI IKITOKEA

Maziwa jichoni. Usisugue. Papo hapo osha jicho kwa maji safi mengi, yanayotiririka, kwa dakika 20 kwa saa. Jicho liwe wazi, kichwa kimeinama upande, maji yatoke puani kwenda nje ili yasiingie jicho la pili. Usitie maziwa ya mama, mkojo, mafuta ya mawese wala dawa ya majani. Kiisha nenda hospitali siku ileile, hata kama maumivu yamepungua.

Mtoto amekula mbegu au majani. Toa yaliyobaki mdomoni, umsukutuze kwa maji. Usimtapishe kwa kidole. Usimpe mafuta wala maziwa ukidhani unaua sumu. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue tawi lenye majani na mbegu za mti ule. Sisi waganga tukiuona mti, tunajua tunapigana na nini. Usingoje dalili, hasa kama ni lorie: moyo unaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Mwiba. Utoe wote, osha kwa maji na sabuni. Kama umevunjika ndani au karibu na kiungo, usichimbe kwa pini, njoo dispanseri. Leta karatasi yako ya chanjo. Pepopunda inaingia hata kwa tundu dogo. Mtu mkubwa aliyechanjwa kamili anahitaji kukumbushwa kila miaka 10. Kidonda kikiwa kichafu, tutakuchanja tena kama miaka 5 imepita.

Nyoka. Mgonjwa atulie, kiungo kisitikiswe, vua pete na bangili. Usikate, usifyonze, usifunge kamba kwa nguvu, usipoteze saa kwa jiwe jeusi. Mbebe hospitali.

VIII. KAZI YA NYUMBANI

Jumapili hii, mbele ya jua kuwa kali, zunguka lupango wako pamoja na bibi yako na watoto wakubwa. Simama mbele ya kila mti, jibu maswali manne ya sehemu ya pili. Andika majibu kwenye daftari. Kiisha chuchumaa, macho yako yawe kwenye kimo cha mtoto wako mdogo, uzunguke mara ya pili. Utaona miiba, matunda na makopo ambayo hukuyaona ukisimama.

Ukikuta mti wa hatari, usiung'oe leo na kuacha nyumba wazi. Panda mti mwema ndani yake wakati wa mvua, na mwaka unaofuata au wa pili, mwema ukishafunika, ondoa ule mbaya kwa uangalifu. Lakini kama ni lorie, mbono kaburi au mbarika, na una mtoto anayetambaa, usingoje. Funga pahali hapo kwa matete ya muda, uung'oe sasa.

Ukishindwa kutambua mti fulani, leta tawi dispanseri ndani ya karatasi, tutautazama pamoja.

Kumbuka: CHOMBO CHA KUJIKINGA KISIMDHURU ANAYEKIVAA, NA UA USIMDHURU ANAYELALA NDANI YAKE.